Maji ya Gurudumu Katika Friza Yangu

Mdogo wangu wa kiume alifariki alfajiri ya Jumapili, mwezi wa Agosti mwaka 1995. Kufikia Jumatatu asubuhi nilikuwa nimepoteza pia kitu alichoniomba nimtunzie: chupa ndogo za plastiki zenye maji ya bahari, na vipande vya karatasi ya kuchujia vilivyokunjwa ndani ya foili. Yeye alichukuliwa na malaria. Chupa na karatasi niliziharibu mimi. Nimeliandika hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani baadaye kwamba nilikuwa nalikwepa.

Tulikuwa Kaloleni, Nairobi, katika nyumba aliyopangishwa baba enzi zake za reli. Wazazi wote wawili walikwisha kurudi nyumbani magharibi, na huko ndiko walikozikwa. Mimi nikabaki na nyumba. Niliishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza barafu za rangi katika vifuko vyembamba vya plastiki na kuwauzia watoto wa shule wakati wa mapumziko. Friza niliinunua kwa mwenye duka mmoja wa Eastleigh aliyekuwa akihama. Ilikuwa friza ndefu ya kulala, yenye mfuniko wa juu, na ilikaa sebuleni kwa sababu soketi ilikuwa sebuleni. Nyumba nzima ilikuwa na soketi moja.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne akaenda Mombasa kutafuta kazi. Alianzia kwenye stoo ya meli moja ya utafiti, akibeba kamba na makopo ya rangi. Wenye meli walipoona mikono yake haina papara, wakamhamishia kazi ya kuchuja maji. Sikujua kama kuna mshahara wa kuchuja maji. Nilimwambia hivyo, naye akacheka, akasema hata yeye hakujua.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kifo chake, alifika saa mbili kasoro usiku, sanduku la barafu limefungwa mshipi wa suruali ili lisifunguke. Suruali yenyewe alikuwa ameishikilia kwa mkono.

"Sasa, sista," akasema. "Friza iko macho?"

"Salamu kwanza. Mtu anatoka pwani na anaulizia friza?"

"Salamu zitasubiri. Hizi hazisubiri."

Nilitoa barafu za watoto upande mmoja, akapanga vitu vyake upande wa pili. Chupa zilisimama kwa mistari, kila moja na namba yake. Pakiti za foili aliziweka chini kabisa, palipo na baridi kali, akazifunika na gazeti. Alipanga taratibu. Baada ya kumaliza ndipo aliponishika mkono na kuniuliza habari za nyumbani.

Nilimpa ugali na sukuma wiki. Alikula kidogo, akasema amechoka na safari. Nikamwuliza kilichomo kwenye zile foili.

"Vumbi."

"Vumbi la baharini?"

"Vumbi lenye uhai. Vijimea ambavyo macho hayavioni, mavi ya vidudu, vidudu vyenyewe vikishakufa. Vyote vinashuka polepole kwenda chini. Sisi tunavidaka kwenye karatasi."

"Yaani umenisafirishia mavi kutoka baharini ukayalaza na barafu za watoto?"

"Ni mavi madogo, dada."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilikumbuka kicheko hicho mara nyingi baadaye, hasa kwa sababu hakikuwa na uzito wowote.

Kisha akanieleza. Kule kusini, kati ya Msumbiji na Bukini, kisiwa cha Madagaska, bahari hutengeneza magurudumu ya maji. Gurudumu moja ni pana kiasi kwamba meli ikianza asubuhi kulivuka, jioni bado imo ndani. Linazunguka polepole na kusafiri miezi. Katikati yake ni maji ya moto, na maji hayo ya moto ni mengi, yamerundikana, yanayakandamiza ya baridi yaende chini zaidi.

"Sasa kama katikati ni moto, si ndiko kungekuwa na samaki wengi?" nikauliza. Nilifikiri juu ya shamba letu, jinsi joto na mvua vinavyootesha kila kitu.

"Ndivyo kila mtu anavyodhani. Lakini chakula cha mimea kiko kwenye maji baridi, chini. Ya moto yameketi juu yake kama mfuniko. Kwa hiyo juu hakuna kitu. Tunashusha sahani nyeupe kwa kamba tuone itapotea machoni wakati gani, dada, inashuka tu, unaiona, unaiona. Maji safi yasiyo na kitu. Ukija pembeni ya gurudumu ndipo unaona rangi ya majani, kwa sababu pembeni maji yanachanganyika na chakula kinapata njia ya kupanda."

Nilimwambia kwamba bahari safi kumbe ni bahari yenye njaa. Akasema ndiyo, hata yeye ilimchukua muda kulizoea hilo.

Ndipo akaniambia kilichomleta na sanduku mwenyewe badala ya kuliacha lije na gari la ofisi. Katika safari ile walikuwa wameshusha chupa kubwa za chuma katikati ya gurudumu, kwenye vina mbalimbali. Maji ya juu yalitoa karatasi nyeupe kama walivyotazamia. Lakini maji ya chini zaidi yalitoa karatasi yenye rangi, nyingi kuliko alivyotarajia mtafiti aliyekuwa mkubwa wa kazi ile. Mtafiti yule, mwanamke msomi, aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye, akamwambia amechanganya chupa. Kwamba alichukua maji ya pembeni akayapa namba ya katikati.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Hakupiga kelele. Alisema tu kama mtu anayesema kuna mvua."

"Na ulichanganya?"

Aliniangalia. "Sikuchanganya. Chupa hizi ndogo ndizo zitakazosema. Maji ya pembeni na ya katikati hayana chakula sawa. Wakipima chakula kilichomo, watajua yalitoka wapi. Jumatatu maabara ikifunguliwa hapa Nairobi, nitawapa mimi mwenyewe mikononi."

Hilo ndilo lililokuwamo ndani ya friza yangu: jina zuri la mtu mwenye cheti cha kidato cha nne tu. Nililielewa vizuri usiku ule ule. Siwezi kusema sikuelewa.

Jumamosi aliamka akitetemeka. Alisema ni homa ya safari, akalala tena, akatapika. Kufikia saa tisa mchana alikuwa akiongea maneno yasiyofuatana, nikamwita jirani mwenye pikapu. Tulipokuwa tunamtoa mlangoni akili ilimrudia kidogo. Aliitazama friza.

"Isizimwe," akasema. "Hata kwa dakika."

"Haitazimwa."

Walimpokea hospitalini wakamtundikia maji. Nilikaa naye. Alfajiri akafariki.

Mtaani kwetu msiba ukitangazwa mambo hujipanga yenyewe. Mlango wa mbele huachwa wazi. Viti hutolewa kwenye ukumbi wa mtaa, wanawake huja na sufuria zao, wanaume huketi nje. Na jioni kwaya huja kuimba. Kanisa letu lilikuwa limepata kinanda cha umeme miezi michache kabla, na spika mbili. Kabla ya hapo kwaya iliimba kwa ngoma na kayamba na hakuna marehemu aliyelalamika. Lakini tangu kinanda kije, msiba usio na kinanda ulionekana kama msiba wa mtu asiye na watu.

Kiongozi wa kwaya alikuwa mama mmoja Mkamba aliyeishi nyumba ya tatu kutoka yangu. Mumewe alikuwa mchongaji wa vinyago. Mama huyo alikuwa mtu wa msaada sana, na siku ile alikuwa jikoni kwangu tangu asubuhi. Saa kumi na nusu jioni alileta waya, akachomeka tii kwenye soketi, friza upande huu na kinanda upande ule. Kijana wa kinanda alipowasha spika, fyuzi ikakatika na nyumba ikanyamaza. Fundi mmoja wa mtaa aliirudisha kwa kipande cha waya, akatuonya: "Kimoja tu, mama zangu. Viwili vitachoma nyumba."

Mama wa kwaya akanitazama.

"Tuzime friza kidogo," akasema.

Nikasema, "Kuna vitu vya marehemu ndani."

"Vitu gani?"

Hapo ndipo nilipokosa. Wanawake kama kumi walikuwa sebuleni. Ningesema nini? Kwamba kuna maji ya bahari? Kwamba kuna vumbi na mavi ya vidudu? Nikasema, "Vitu vyake vya kazi. Vinataka baridi."

Mwanamke mmoja aliyeketi karibu na dirisha, sitasema ni nani, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika: "Barafu zitauzwa hata kesho."

Mwingine akaguna. Hakuna aliyecheka.

Niliona aibu kiasi kwamba masikio yalipata moto. Waliamini nalinda biashara yangu siku ya kufiwa na ndugu yangu. Ningeweza kuomba waya uvutwe kutoka kwa jirani wa kulia. Nyumba yake ilikuwa na umeme na asingekataa. Ningeweza kusema kwaya iimbe bila kinanda. Ningeweza kufungua friza nikawaonyesha chupa. Sikufanya lolote kati ya hayo. Wala hakuna aliyenilazimisha. Niliinama mimi mwenyewe nikachomoa friza. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja kamili. Nilijiambia friza ikijaa hukaa na baridi yake, na kwamba nitairudisha kwaya ikimaliza.

Kwaya iliimba vizuri. Nalisema kwa sababu ni kweli. Nililia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na watu waliponiona nalia waliridhika, nami niliridhika pamoja nao. Watu waliokuwa wakitoka na kuingia waliweka soda ndani ya friza, wakatoa barafu zangu kupozea maji ya kunywa, mfuniko ukawa unafunguliwa na kufungwa. Niliusikia. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake, na kila mfuniko ulipogonga nilisema moyoni nitaamka sasa hivi. Kisha nikasinzia papo hapo.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilichomeka friza. Nilipofunua, barafu zilizobaki zilikuwa maji ya rangi ndani ya vifuko. Nikashika chupa moja ya ndugu yangu nikaitikisa. Ikacheza. Nikashika nyingine. Gazeti alilofunikia foili lilikuwa limelowa. Nilizipanga tena kwa mistari, kwa namba, kama alivyokuwa amezipanga, nikafunga mfuniko. Sikumwambia mtu.

Saa nne mwanamke mgeni alitokea mlangoni, amevaa viatu vya kufunga na miwani, ameshika karatasi yenye maelekezo ya nyumba. Aliona viti na watu, akadhani amekosea.

"Namtafuta ndugu mmoja aliyetoka Mombasa na mzigo wa maabara," akaniambia. "Alisema anafikia kwa dada yake. Tumemngoja tangu saa mbili."

"Mimi ndiye dada yake," nikasema. "Tumempoteza jana."

Alishika fremu ya mlango. Nilimpa kiti, akaletewa chai, akaishika bila kunywa. Mwishowe akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake kwenye meli."

Nilikuwa nimekwisha kujua.

"Alikwambia?" akauliza.

"Aliniambia ulisema amechanganya chupa."

"Nilisema." Akatazama chini. "Nilikuwa nimekuja leo nizipime naye. Nilitaka azione mwenyewe, jibu lolote litakalotoka."

Mama wa kwaya alipita akamuuliza kama anaongezwa sukari, akakataa. Mtafiti hakuliulizia sanduku. Nadhani aliona si adabu kudai mzigo kwa watu wenye msiba. Kwa hiyo ilikuwa juu yangu. Niliinuka, nikafungua friza, nikagusa chupa. Zilikuwa zimeganda tena, ngumu kama alivyozileta Ijumaa. Hakuna mtu duniani ambaye angezitazama akajua. Ningeziweka tu ndani ya sanduku, naye angeondoka, akazipima, na jibu lingetoka.

Nikafikiri: na jibu likitoka baya? Likisema ndugu yangu alichanganya kweli, kumbe ni friza ndiyo iliyochanganya? Halafu nikafikiri jambo lingine, na hili pia nalisema: jibu likitoka zuri kwa uongo wangu, nani atajua? Nilisimama na mfuniko mkononi mpaka vidole vikafa ganzi.

"Daktari," nikamwita, kwa kuwa ndivyo nilivyojua kumwita msomi. "Njoo uone."

Alikuja. Nikamwambia yote kwa sauti ya kawaida, na wanawake wote wakisikia: soketi, fyuzi, kinanda, saa niliyochomoa na saa niliyochomeka. Mama wa kwaya alisimama katikati ya chumba na birika. "Mungu wangu," akasema. "Si ungesema, mama? Si tungevuta waya kwangu?"

"Niliona haya," nikasema.

Mtafiti alitoa chupa moja, akaiangalia kwenye mwanga wa mlango.

"Zinaweza kupimwa hivyo hivyo?" nikamwuliza.

"Hapana. Baridi ilikuwa imevisimamisha vilivyomo. Maji yakiyeyuka, vilivyokufa vinapasuka na kutoa chakula, vilivyo hai vinaanza kukila. Saa zote hizo. Tukipima leo tutapata namba, lakini haitakuwa namba ya bahari. Itakuwa namba ya hapa." Aliigusa friza kwa kidole.

"Na zile za foili?"

Alifungua pakiti moja chini ya kivuli cha mwili wake. Nami nikachungulia. Karatasi ilikuwa nusu duara, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, na juu yake palikuwa na rangi kama ya chai ya majani machache iliyoelekea kijani. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hiyo ni ya katikati?" nikauliza.

"Namba yake inasema hivyo."

"Ina rangi."

"Ina rangi. Nilikuwa nimeiona hata melini." Akaikunja tena. "Lakini siwezi kusema ni ya wapi. Chupa ndizo zingesema."

"Kwa hiyo hutajua kamwe kama alichanganya."

"Sitajua," akasema. "Wala siwezi tena kusema kwamba alichanganya."

Sikujua kama hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Hata leo sijui.

Tulipanga vitu ndani ya sanduku. Ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na daftari la jalada gumu ndani ya mfuko wa plastiki, ambalo sikuliona Ijumaa. Mtafiti akalifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ulikuwa mwandiko wa mdogo wangu, ule wa kulala upande wa kushoto uliomfanya apigwe shuleni. Kila mahali zile chupa zilipolala paliandikwa, na saa yake: friza ya meli, sanduku, basi. Mstari wa mwisho ulisema: Ijumaa, saa mbili usiku, friza ya dada, Nairobi.

"Kila kinachozipata huandikwa," mtafiti akasema, akanipa kalamu. "Aliyekuwepo ndiye huandika. Mimi sikuwepo."

Nilikaa kwenye kiti cha ukumbini, daftari magotini. Sikuwa nimeandika chochote kirefu tangu niache shule zaidi ya orodha ya sukari na rangi. Niliandika: Jumapili, saa kumi na moja jioni, friza ilizimwa. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, iliwashwa. Chupa ziliyeyuka. Nilizima mimi.

Akasoma. "Ilifunguliwa mara ngapi katikati?"

"Mara nyingi. Sijui ngapi."

"Basi andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Akalirudisha daftari kwenye mfuko wake, tukashika sanduku kila mmoja upande wake, mama wa kwaya akatufungulia njia kati ya viti, tukalipeleka hadi kwenye gari lake lililokuwa kando ya ukumbi. Alilifunga kwa kamba kiti cha nyuma. Kisha akarudi nami ndani, akaketi kwenye mkeka na wanawake wengine, akavua viatu.